Mume, mashua na mlango wa wodi: uzazi mmoja kutoka Pate

Kisa hiki ni cha mume na mke wa Pate mjini, kaunti ya Lamu. Mume ni mvuvi, mke hudarizi kofia nyumbani. Majina yao nimeyaweka kando, maana Pate ni mji ambao ukitaja ukoo wa mtu umeshamtaja mwenyewe. Nimezungumza na mume, na mke, na mama yake mke, kila mmoja kwa nafasi yake, kisha nikakaa nao wote pamoja. Mimi ni muuguzi mkunga, na kazi yangu imenikutanisha na waume wengi wanaofika wodini usiku wakiwa na mkoba begani, wakaambiwa waketi nje. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu mama na mtoto ni wazima, na ukikifuata hatua kwa hatua utaona kwamba uzima huo ulishikiliwa na mambo ambayo fomu za hospitali haziyaulizi.

Ilikuwa mimba ya pili. Ya kwanza, mke alijifungulia nyumbani kwa mama yake kama ada ilivyo, akizalishwa na mkunga wa jadi anayeaminiwa na mtaa mzima. Mtoto alitoka vizuri. Kondo la nyuma lilichelewa, na lilipotoka, damu ikafuata. Wanawake waliokuwamo chumbani walimkanda tumbo, wakampa uji wa moto wenye pilipili manga, damu ikapungua. Siku hiyo mume alikuwa baharini. Aliporudi kesho yake alipongezwa, akaonyeshwa mtoto, na kuhusu mkewe akaambiwa amechoka. Jioni ile ile mke alianguka akielekea msalani, na mume ndiye aliyemwinua. Anakumbuka viganja vya mkewe vilikuwa vyeupe na midomo haina rangi.

Sasa tuje kliniki, mimba ya pili. Nesi aliuliza uzazi wa kwanza ulikuwaje. Mke akajibu, salama. Ikaandikwa salama kwenye kitabu cha mama na mtoto. Hakudanganya. Kwake yeye na kwa watu wake, uzazi ambao mama na mtoto wamebaki hai ni uzazi salama, na anayelalamikia yaliyopita huonekana hana shukrani. Hudhurio lililofuata mume alikuwa naye, kwa sababu kusi ilikuwa kali na hakuna aliyetoka kuvua. Alisimama mlangoni, nesi akamwita ndani. Swali liliporudiwa mke akajibu vile vile, na hapo mume akasema: "Lakini sista, kesho yake alianguka. Na kwa siku nyingi hakuweza kusimama bila kushikwa."

Kwa maoni yangu, sentensi hiyo ndiyo msaada mkubwa kuliko wote aliompa mkewe katika uzazi ule, na aliitoa wiki nyingi kabla ya uchungu kuanza. Mwanamke aliyewahi kutokwa na damu nyingi baada ya kuzaa yumo katika hatari zaidi ya kutokwa tena. Kwa uzazi wa kawaida, wakunga huhesabu kuwa ni nyingi damu inayofika nusu lita, na mwanamke ambaye damu yake ilikuwa ndogo tangu mwanzo anaweza kuzidiwa hata kabla ya kufika hapo. Kuvuja damu baada ya kuzaa ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wazazi duniani, na vifo hivyo huja kwa saa, havingoji kesho. Nesi alibadilisha maandishi kitabuni, akampima mke kiwango cha damu, akahakikisha anameza vidonge vya madini ya chuma, akaandika kundi lake la damu, na akawaambia wote wawili kwamba safari hii azalie mahali penye chumba cha upasuaji na damu ya kuongezewa.

Waume wengi ninaowaona kliniki huitwa kwa ajili ya kupimwa virusi vya UKIMWI, wakimaliza wanaambiwa wasubiri nje. Hakuna anayewauliza walichokiona nyumbani. Na mume ndiye aliyelala chumba kimoja na huyu mwanamke, akamsikia usiku akilalamika kichwa, akaona miguu imevimba hadi kiatu hakiingii. Kichwa kikali kisichotulia, macho kuona ukungu, maumivu chini ya chembe ya moyo, presha inayofika 140 kwa 90: hizo ni dalili za hatari ya kifafa cha mimba, na mara nyingi wa kwanza kuziona ni mtu wa nyumbani. Mke naye kwa haya na kwa ustahimilivu anaweza kukaa kimya hadi mwisho.

Baada ya ushauri wa nesi palibaki kazi ngumu, nayo ni mama mkwe.

Mama huyu nimemsikiliza kwa muda mrefu, na sitaki msomaji amchukulie kuwa ni kizuizi. Yeye mwenyewe amezaa watoto wake wote nyumbani. Hofu yake ni kwamba binti atalazwa mahali asipojulikana, atakaripiwa, atafunuliwa mbele ya wanaume, na hatakuwapo mtu wa kumshika. Nimefanya kazi wodini, nami siwezi kumwambia kwamba hofu hiyo haina msingi. Mume hakubishana naye. Katika nyumba ile si adabu mkwe kumjibu mama mkwe neno kwa neno. Alikwenda kwa mjomba wa mke, akamweleza maneno ya nesi, akamwonyesha kitabu, na mjomba ndiye aliyekwenda kukaa barazani na dada yake. Yalichukua siku kadhaa. Mwisho walikubaliana kwamba mwezi wa tisa ukiingia mke avuke kwenda Amu, yaani mji wa Lamu, akakae kwa shangazi yake, azalie huko, kisha arudi kwa mama yake kwa arubaini, zile siku arobaini za mapumziko ya mzazi.

Mume hakutegemea makubaliano peke yake. Asiyeijua Pate ajue kwamba mji umekaa kwenye hori lenye mikoko ambalo maji yakipwa hubaki tope. Boti hufika mjini maji yakijaa. Yakipwa, gati yenye kina ni Mtangawanda, na kutoka mjini hadi huko ni takriban saa nzima kwa miguu. Nyakati za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya pwani yetu hujaa sana kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na hukauka sana kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Mvuvi hahitaji kufundishwa hesabu hiyo. Aliona kwamba uchungu ukimshika mkewe jioni ya bamvua, hakutakuwa na boti ya kuondoka Pate hadi usiku wa manane. Akazungumza na binamu yake ambaye ni nahodha, wakakubaliana kwamba wiki za bamvua mashua ilale Mtangawanda.

Mafuta aliyanunua kidogo kidogo, kila alipouza samaki, akayatia kwenye mtungi wa lita 20 uliowekwa ghalani kwa mjomba. Hakuna aliyeruhusiwa kuugusa, hata siku kamba walipopatikana kwa wingi na kila mashine ikataka mafuta. Juni 2013 serikali ya Kenya iliondoa ada ya kujifungua katika hospitali za umma, lakini kwa watu wa visiwani mzigo mkubwa wa gharama umebaki ni safari. Familia ilikuwa imeshajiandikisha SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, lakini kadi ya bima haiwashi mashine ya boti.

Mwezi wa tisa haukuwahi kuingia vizuri. Jioni moja, baada ya magharibi, chupa ya uzazi ilipasuka mke akiwa anapakua chakula. Uchungu ulikuwa bado wa mbali, lakini kwa uzazi wa pili uchungu wa mbali hukaribia haraka. Maji yalikuwa yanapwa. Mume alikwenda kuchukua mtungi, mjomba akaita bodaboda mbili, na mama mkwe, ambaye magoti yake hayawezi tena ngazi za gati na ambaye alilazimika kubaki na mjukuu wa kwanza, alifanya jambo ambalo nadhani ni zuri kuliko yote yaliyofanywa usiku ule. Alimwita mkwewe ndani, akamweka binti upande, akachukua mkono wa mkwe akauweka kwenye kiuno cha binti, pale juu ya matako ambapo mfupa unaishia. "Hapa, mwanangu. Kwa kisigino cha mkono. Usipapase, kandamiza. Uchungu ukipanda, nawe kandamiza, ukishuka, legeza."

Mkunga yeyote atakwambia mama huyu alikuwa sahihi. Mtoto anaposhuka huku kisogo chake kikigandamiza mgongo wa mama, maumivu hukaa kiunoni, na mkono unaosukuma kutoka nje huyapunguza. Alikuwa amepinga hospitali, na sasa anampa mkwewe ujuzi ambao kwa kawaida mwanaume haonyeshwi.

Bodaboda ilikwenda taratibu, mke akiwa katikati, na kila uchungu ulipokuja dereva alisimama. Mtangawanda walikuta mashua tayari. Waliondoka maji yakiwa chini kabisa, wakapita njia ya ndani kwa Mkanda, mkondo ulio kati ya bara na kisiwa cha Manda, kati ya mikoko, kwa sababu kwa kusi ile hakuna aliyefikiria kuzunguka nje ya Manda usiku. Mume alikaa sakafuni mwa mashua akiupa upepo mgongo. Mke alilala ubavu wa kushoto, kichwa kwenye paja la mumewe. Ubavu huo si kwa raha tu: mama akilala chali, tumbo la uzazi lililojaa hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, na mama na mtoto hupungukiwa. Nesi wa kliniki ndiye aliyewaambia. Leso moja alimfunika mkewe, nyingine aliishika juu kuzuia marasharasha, na mkono wa pili ulikuwa kiunoni. Mke aliniambia, "Nilijua uchungu unakuja kwa sababu nilipobana mdomo tu, mkono wake ulishafika."

Walipofika Amu, simu ya shangazi haikupokelewa. Alikuja kuiona alfajiri. Kwa hiyo mume alifika hospitalini peke yake na mkewe, naye ndiye aliyekuwa mama, shangazi na mchukuzi wa mkoba.

Hospitali sitaitaja, maana lililotokea mlangoni hutokea hospitali nyingi za nchi hii. Mke aliingizwa ndani, mume akaambiwa wanaume hawaingii, akaketi kwenye benchi na mkoba magotini. Ndani, nesi kijana aliyekuwa zamu alianza maswali. Uzazi wa kwanza? Mke, katikati ya uchungu, akasema salama. Chupa ilipasuka saa ngapi? Hakuweza kujibu. Kitabu cha mama na mtoto kiko wapi? Kilikuwa kwenye mkoba, na mkoba ulikuwa nje na mume.

Hapa ndipo nataka tusimame kidogo. Katika dakika hizo chache, yote yaliyokusanywa kwa miezi yalikuwa upande wa pili wa mlango. Maandishi ya nesi wa Pate, kundi la damu, namba ya simu ya binamu aliyekubali kutoa damu, na mtu aliyeuona udhaifu wa mkewe baada ya uzazi wa kwanza. Mke alipokewa kama mwanamke mwenye afya ambaye historia yake ni nyeupe, na kwa desturi za kazi yetu mwanamke wa namna hiyo hawekewi dripu mapema wala maabara haijulishwi.

Mume hakupandisha sauti. Aligonga, akatoa kitabu kwenye mfuko wa plastiki alioufunga kuzuia maji ya bahari, akasema, "Sista, samahani. Uzazi wa kwanza alivuja damu, imeandikwa humo. Na chupa imepasuka maji ya jioni yakiwa nusu ya kupwa." Nesi kijana, ambaye si mwenyeji wa pwani, alimtazama bila kuelewa. Sista mkubwa aliyekuwa nyuma yake ni mtu wa Amu. Alisema bila kufikiri, "Ni saa moja ya usiku. Andika." Karatasi ya kufuatilia leba ikapata saa yake, na saa hiyo ina kazi: chupa ikikaa muda mrefu imepasuka, hatari ya maambukizi kwa mama na mtoto hupanda, na daktari hawezi kupima muda ambao hajui ulianza lini.

Sista yule alisoma kitabu, akaagiza mke awekewe sindano ya mshipani mapema na damu ichukuliwe kupimwa na kulinganishwa. Kisha akamwuliza mke kama anataka mumewe aingie. Mke akasema ndiyo. Wodini kulikuwa na mwanamke mmoja mwingine. Alielezwa, akaridhia, pazia likavutwa, mume akaingia.

Namna ruhusa ilivyotolewa ni muhimu: aliyeulizwa kwanza ni mke. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya 2018 kuhusu huduma za leba, linapendekeza kila mwanamke awe na mtu wa kukaa naye, na mtu huyo awe wa chaguo lake. Ushahidi ulio nyuma ya pendekezo hilo ni mzito. Mapitio ya 2017 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliunganisha tafiti 26 zenye wanawake zaidi ya 15,000, yakaonyesha kwamba mwanamke anayekaa na mtu mfululizo leba yake huwa fupi zaidi, hupasuliwa kwa uchache, na hubaki na kumbukumbu mbaya kwa uchache. Lakini katika tafiti nyingi kati ya hizo msaidizi hakuwa mume. Alikuwa mwanamke mwenye uzoefu, ndugu, rafiki. Kwa hiyo wanaotumia ushahidi huu kudai kila mume lazima aingie wanauvuta kuliko urefu wake. Wako wanawake wa Lamu ambao mbele ya mume wangejibana na kujizuia hadi leba ikachelewa, nao wana haki ya kumtaka mama au somo wao, yaani kungwi. Kisa hiki kinathibitisha jambo dogo zaidi na lenye nguvu: mke alimtaka huyu, na huyu alikuwa anajua cha kufanya.

Alichofanya ndani hakikuwa kikubwa kwa macho. Alikandamiza kiuno. Alimpa maji kwa vijiko. Mke alipotaka kutembea alimshika, alipotaka kuchuchumaa akamshikilia kwapani. Nilipomwuliza mke ni nini kilimsaidia zaidi, nilitarajia atasema mkono. Alisema ni kwamba mumewe ndiye aliyejibu maswali. Kila aliyeingia aliuliza umri wa mimba, dawa, presha, chakula cha mwisho, na yeye hakulazimika kutoka ndani ya uchungu wake ili ajibu. "Nilimwachia kusema, nikabaki na kazi yangu."

Mtoto wa kike alizaliwa karibu na adhana ya alfajiri. Aliwekwa kifuani kwa mama, kitovu kikaachwa kwa zaidi ya dakika moja kabla ya kubanwa, mama akachomwa pajani sindano ya uniti 10 za oksitosini, dawa inayobana tumbo la uzazi. Kondo la nyuma lilitoka lote. Kisha damu ikaanza.

Kilichofuata kwa upande wa tiba kilikwenda vizuri, kwa sababu sindano ya mshipani ilikuwapo tayari. Tumbo la uzazi lilikandwa, oksitosini ikaongezwa kwenye dripu, na traneksamiki nayo ikatolewa, dawa inayosaidia damu kuganda na ambayo hufaa ikitolewa ndani ya saa tatu tangu mtoto azaliwe. Damu ilikuwa inapimwa kwa mfuko wa plastiki wenye alama, uliowekwa chini ya mama. Mfuko huo unaonekana ni kitu kidogo. Utafiti uliochapishwa 2023, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ulionyesha kwamba kuipima damu kwa mfuko na kutoa matibabu yote kwa pamoja bila kungoja kulipunguza madhara makubwa ya kuvuja damu kwa asilimia 60. Macho ya binadamu hayapimi damu sawasawa. Leso zilizolowa na kufuliwa Pate mara ya kwanza hazikumwambia mtu kiasi kilichopotea.

Mume hakuyaona haya. Damu ilipoanza alishikwa mkono, akapewa mtoto aliyezongwa kwenye leso, akatolewa nje na mlango ukafungwa. Hakuna aliyemwambia neno. Alisimama kwenye ukumbi amembeba binti yake, akisikia miguu ikikimbia na vyuma vikigongana, bila kujua kama mkewe yu hai. Alimwadhinia mtoto pale pale, sikio la kulia, kwa sauti ya chini. Aliniambia aliadhini kwa sababu lilikuwa jambo pekee alilojua kulifanya bila kuambiwa. Baada ya muda ambao yeye hawezi kuupima, yeye ambaye anapima kila kitu kwa maji, sista mkubwa alitoka akasema damu imesimama. Damu ya binamu haikuhitajika.

Wenzangu watasema chumba kilihitaji nafasi na mikono ilikuwa na kazi. Kweli. Sidai kwamba angeachwa ndani. Nadai sentensi moja mlangoni: "Anavuja damu, tunamtibu, kaa hapa na mtoto, nitakuja kukwambia." Inatamkwa ndani ya sekunde chache, na aliyemtoa nje angeweza kuisema akiwa anatembea naye.

Wanaosomea vifo vya wazazi huvipanga visa kwa ucheleweshaji wa aina tatu, mpango ulioandikwa na Thaddeus na Maine mwaka 1994: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, kuchelewa kuhudumiwa. Ni mpango mzuri na ninautumia. Katika kisa hiki, la kuamua lilitatuliwa na mjomba na baraza, la kufika likatatuliwa na mtungi wa mafuta na mashua iliyolala Mtangawanda, na la tatu lilikaribia kutushinda pale mkoba ulipobaki nje. Mara zote tatu yupo mtu mmoja aliyevuka kutoka hatua moja hadi nyingine akiwa na habari kamili, naye ni mume. Nesi wa Pate hakupanda mashua, nahodha hakuingia wodini, na mama mkwe alibaki nyumbani. Ukimwita mume mlipaji na mchukuzi, unamtumia kwa nusu ya alichonacho.

Mke alirudi Pate akaingia arubaini kwa mama yake. Alikandwa, akala vya moto, akapumzishwa, na kwa hayo mila yetu inastahili sifa. Lakini hatari haikuishia wodini. Mzazi anatakiwa aonwe ndani ya saa 24, kisha siku ya pili au ya tatu, kisha wiki ya pili, kisha wiki ya sita, na homa, damu inayorudi au kichwa kikali ndani ya siku hizo ni sababu ya kupanda boti tena. Chumba cha arubaini ni cha wanawake, na mume huingia kwa kubisha hodi. Hapa mama mkwe alikubali abishe kila siku.

Na mume mwenyewe? Kwa majuma mengi kila asubuhi aliangalia kitanda kabla ya kusalimia, akitafuta damu. Alirudi baharini mapema kwa sababu mvuvi hana likizo. Sheria ya ajira ya 2007 inampa baba aliyeajiriwa majuma mawili yenye mshahara, ila bahari haijaajiri mtu. Kule baharini alikuwa mkali kwa wenzake, usiku hakulala. Hakuna aliyemwuliza, kwa kuwa mkewe alikuwa mzima na mtoto mzima. Uchambuzi uliochapishwa 2010, uliounganisha tafiti 43, ulikuta takriban baba mmoja kati ya kumi akiwa na dalili za sonona katika kipindi cha kuanzia mimba hadi mwaka wa kwanza wa mtoto. Sisemi huyu alikuwa na sonona, sikumpima. Nasema kwamba alipopata wa kumsimulia, jambo la kwanza alilolitoa lilikuwa ule mlango uliofungwa, na alilitoa kwa kulia. Mjomba, mwenye hekima zake, ndiye aliyemchukua barazani jioni baada ya jioni akamwacha aseme hadi akapata usingizi.

Mama mkwe bado hakubali mwanaume kuingia chumba cha kuzalia. Hoja yake si mume na mkewe, maana mume si ajinabi kwa mkewe. Hoja yake ni mwanamke wa kitanda cha pili, ambaye usiku ule aliridhia, na usiku mwingine huenda asiridhie. Ni hoja ya haki, nami naikubali yote. Jibu lake ni mapazia mazito na vizuizi kati ya kitanda na kitanda, na mahali penye nafasi, vyumba. Hayo ni mambo ya seremala na fundi cherehani, Lamu haikosi hata mmoja wao. Tangu 2013 hospitali hizi ziko chini ya kaunti, na kabla ya kila bajeti wananchi huitwa kutoa maoni. Kliniki nazo zinaweza kuanza kesho bila senti: mume akifika, aulizwe alichokiona uzazi uliopita, jibu liandikwe kitabuni, na kitabu kiingie wodini pamoja na mama, kisibaki kwenye mkoba ulio nje.